Jinsi ya kuchora uwanja wa jiji uliofurika watu kwa echingi, kwa mtindo wa enzi ya Baroko

Maswali ya wanaoanza kazi hii ni yale yale. Mbona watu wa mbali wametoka weusi kuliko wa mbele? Mbona kanisa limehamia upande wa pili? Mbona kiza cha mlangoni, mahali penye mistari mingi kuliko pote, kimechapika kijivu? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi moja, tangu shaba tupu hadi karatasi iliyochapwa. Kazi yenyewe ni uwanja wa Piazza Navona, Roma, kama ulivyokuwa miaka ya 1670, katika enzi ya Baroko, umejaa wauza matunda, magari ya farasi, mapadri, ombaomba na mbwa.

Nadharia ya echingi ni fupi. Bamba la shaba hupakwa vanishi isiyoliwa na asidi. Unachora kwa sindano ili kuifunua shaba, asidi inakula pale ulipofunua, kisha wino unajazwa kwenye mifuo hiyo na kuhamishiwa karatasini kwa shinikizo kubwa. Mfuo ulioliwa muda mrefu huwa na kina na upana zaidi, hubeba wino mwingi, na hutoka mweusi zaidi. Kwa hiyo umbali katika uwanja uliojaa watu hautengenezwi kwa kukandamiza sindano bali kwa kuhesabu dakika za asidi. Jacques Callot, mchoraji wa echingi wa mapema karne ya 17, alilijua hilo vizuri. Maonyesho yake ya soko la Impruneta, karibu na Florence, aliyoyachora mwaka 1620, yana watu zaidi ya 1,000 kwenye bamba moja, na bado jicho halipotei humo: wa mbele ni weusi na wanene, wa kati ni wa kijivu, wa mbali ni kama vumbi.

Vitu vya kuandaa

Usianze kabla havijatimia. Bamba lililopakwa vanishi likikaa wiki mbili likikusubiri upate asidi, vanishi hukauka na kuanza kubanduka.

- Bamba la shaba nyekundu, sentimita 20 kwa 30, unene wa milimita 1 hadi 1.2. Ongeza kipande cha sentimita 5 kwa 15 cha majaribio, kutoka shaba ile ile.
- Tupa, na msasa wa maji (ule wa wapaka rangi magari) namba 400, 800 na 1200.
- Chaki ya unga, na sosi ya soya au siki yenye chumvi, kwa kuondoa mafuta.
- Vanishi ngumu ya echingi, ya maji au ya donge. Ukitaka kujitengenezea: nta ya nyuki gramu 50, lami ya unga ya wachapaji gramu 50, ulimbo wa msonobari gramu 25.
- Vanishi ya kuzibia (ya kufunika mistari isiendelee kuliwa) na brashi mbili: namba 1 na namba 6.
- Sindano ya kuchorea, na shazia (sindano ya gunia) ya kunoa.
- Feri kloridi ya maji, ya asilimia 40, lita 2 (ndiyo tutakayoiita asidi). Hupatikana kwa wauza vifaa vya elektroniki, kwa kuwa ndiyo hutumika kutengenezea bodi za saketi.
- Asidi ya limau ya unga, gramu 130.
- Trei mbili za plastiki, glovu za mpira, miwani ya kinga, aproni, magadi soda kilo 1.
- Wino wa mafuta wa echingi, chachi iliyotiwa wanga, karatasi za pamba za gramu 250 hadi 300, na mashine ya kuchapia yenye rola mbili na blanketi za sufu.

Mashine ndiyo ghali kuliko vyote, na wengi huitafuta katika karakana za vyuo vya sanaa. Kijiko cha kusugulia karatasi hakitoshi. Kinaweza kuchapa mbao iliyochongwa, lakini hakiwezi kuisukuma karatasi ndani ya mfuo wenye upana wa unywele.

Tahadhari, kabla ya hatua yoyote

Feri kloridi haitoi moshi mkali kama asidi ya nitriki, na ndiyo maana inamfaa anayeanza. Lakini inatia doa la kudumu la kahawia kwenye nguo, sakafu na sinki la chuma. Na usiimimine kwenye sufuria ya alumini hata siku moja. Inaishambulia alumini kwa nguvu, inachemka na kutoa gesi inayoshika moto, na sufuria inatoboka. Kwa sababu hiyo hiyo bamba la alumini au la zinki halifai kwa mwongozo huu. Ukipata feri kloridi ya unga, mwagia unga kwenye maji kidogo kidogo, wala si maji kwenye unga, kwa kuwa mchanganyiko hupata joto kali.

Hatua ya 1: Chora uwanja kwenye karatasi kwanza

Tumia karatasi ya ukubwa ule ule wa bamba. Piga mstari wa upeo wa macho milimita 70 kutoka juu. Chukulia kwamba mtazamaji yuko dirishani, ghorofa ya pili, jicho lake mita 8.5 kutoka ardhini. Mtu ana urefu wa takribani mita 1.7, yaani moja ya tano ya urefu huo. Basi popote utakapomweka mtu kwenye uwanja tambarare, urefu wake ni moja ya tano ya umbali kati ya nyayo zake na mstari wa upeo:

- nyayo milimita 120 chini ya upeo: mtu wa milimita 24
- nyayo milimita 60: mtu wa milimita 12
- nyayo milimita 15: mtu wa milimita 3

Kanuni hii moja huondoa kosa la umati unaoonekana kama majitu yamechanganyika na watoto. Hufanya kazi kwa majengo pia: nyumba ya mita 17 ni mara mbili ya urefu wa jicho, hivyo paa lake hupanda juu ya upeo kiasi kile kile ambacho msingi wake umeshuka chini.

Utagundua kwamba mtu wa milimita 24 bado ni mdogo kwa sehemu ya mbele. Wachoraji wa Baroko walitaka watu wakubwa, weusi, pembeni mwa picha, ili jicho lipite katikati yao na kuingia uwanjani. Mwinuko ndio ufumbuzi. Mweke muuza dawa juu ya jukwaa la mbao la mita 2. Jicho sasa liko mita 6.5 tu juu ya nyayo zake, na 1.7 ni kama asilimia 26 ya hapo. Akisimama milimita 120 chini ya upeo anatoka na milimita 31. Callot alitumia vilima vya udongo kwa kazi hiyo hiyo. Navona hakuna kilima, lakini jukwaa halikosekani sokoni.

Sasa majengo. Ukitazama kaskazini, kanisa la Sant'Agnese liko kushoto, na chemchemi ya Mito Minne ya mchongaji Bernini, iliyozinduliwa mwaka 1651, iko mbele yake katikati ya uwanja, na nguzo yake ya obeliski juu. Usiweke sanamu ya Neptuni kwenye chemchemi ya kaskazini. Beseni lake lilikaa bila sanamu hadi 1878, na kosa hilo humfichua mchoraji aliyenakili picha ya simu bila kuuliza.

Hatua ya 2: Panga umati kwa mafungu

Watu waliotawanywa mmoja mmoja kwa nafasi sawa huonekana kama mbegu zilizopandwa kwa mstari. Umati wa kweli hujikusanya: watatu wanabishana bei, saba wamezunguka jukwaa, mmoja anakimbiza mbwa. Chora mafungu ya watu 3, 5, 7, kisha acha njia nyeupe katikati yao. Njia hizo ndizo zitakazokuwa mwanga wa jua. Fungu likikosa sababu ya kukusanyika, lifute.

Umbo la mtu wa milimita 12 huchorwa hivi. Kofia ni mstari mmoja mfupi wa kulala, kichwa ni nusu duara chini yake. Upande wa mwanga una mstari mmoja mwembamba uliokatika mahali, usifunge umbo lote. Upande wa kivuli una mistari mitatu au minne sambamba inayofuata mkunjo wa joho. Miguu miwili ni alama mbili tu, ya pili fupi kidogo. Mwisho ni kivuli cha ardhini, mistari miwili ya kulala inayoanzia kisiginoni. Bila kivuli hicho mtu huelea. Mtu wa milimita 3 ni nukta, mstari wa wima na mstari wa kivuli, basi. Ukimwekea macho atageuka doa.

Gawa mchoro kwa penseli za rangi tatu: nyekundu kwa sehemu ya mbele, buluu kwa ya kati, kijani kwa ya mbali. Ramani hii utaihitaji asidi itakapoanza kazi.

Hatua ya 3: Geuza picha

Kilicho kulia kwenye bamba hutoka kushoto kwenye karatasi. Nakili mchoro kwenye karatasi ya kuonyesha (ile nyembamba inayopitisha mwanga) kwa penseli laini, kisha igeuze uso chini utakapoihamishia kwenye bamba. Baada ya hapo weka kioo mezani mbele ya mchoro wa asili na ufuate kile unachokiona kwenye kioo.

Makosa hujificha kwenye vitu vidogo. Upanga huvaliwa nyonga ya kushoto, kwa hiyo kwenye bamba unakaa kulia. Mwanga ukitoka kushoto kwenye karatasi, kwenye bamba unatoka kulia. Maandishi ya kibao cha duka huandikwa kinyumenyume, kila herufi.

Hatua ya 4: Andaa bamba

Kata kingo kwa tupa kwa pembe ya nyuzi 45, upana wa milimita 1.5, na uviringishe pembe nne. Kingo kali hukata karatasi na blanketi, na blanketi moja ya sufu ina bei kuliko bamba. Ng'arisha uso kwa msasa wa maji 400, kisha 800, kisha 1200, kila mara ukisugua kwa mwelekeo unaopishana na uliotangulia.

Ondoa mafuta kwa chaki ya unga iliyochanganywa na sosi ya soya hadi iwe kama uji. Sugua kwa kitambaa safi, suuza, tazama maji. Yakitandaa kama shuka, bamba liko safi. Yakijikusanya matone, rudia. Toka hapo usiguse uso kwa kidole, kwa sababu alama ya kidole leo ni doa jeusi mbinguni kesho.

Hatua ya 5: Paka vanishi

Kama unajitengenezea, yeyusha nta kwa moto mdogo kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji yanayochemka, nyunyiza ulimbo uliosagwa, ukiyeyuka nyunyiza lami huku ukikoroga. Lami iwe ya unga ya wachapaji. Ya barabarani ina mafuta na haikauki. Sandarusi ya pwani nayo, pamoja na sifa zake zote katika vanishi za karne ya 19, haifai kuchukua nafasi ya ulimbo: ni ngumu mno na haiyeyuki ndani ya nta. Mimina kwenye maji ya vuguvugu na ufinyange madonge ya ukubwa wa yai la kware. Madirisha yawe wazi, na tapentaini iwe mbali na moto.

Vanishi ya donge hupakwa kwenye bamba lililopashwa moto juu ya jiko la umeme la sahani, kisha husambazwa kwa rola ya ngozi hadi iwe ya rangi ya asali nyeusi. Anayeanza atapata nafuu kwa vanishi ya maji: inamisha bamba, paka kwa brashi pana mara moja tu, acha ikauke saa 2 au zaidi. Safu nene hupasuka chini ya sindano, nyembamba hupitisha asidi. Ukiweza kuona mng'ao wa shaba kwa mbali kupitia vanishi, imetosha.

Kisha ifukize. Geuza bamba uso chini na upitishe moshi wa mishumaa miwili mitatu iliyofungwa pamoja, bila kusimama mahali pamoja, hadi uso uwe mweusi. Kwenye weusi huo mistari yako itang'aa, na utaona unachofanya. Mwishoni funika mgongo wote wa bamba kwa selotepu pana ya kufungia mizigo.

Hatua ya 6: Noa shazia

Chombo alichokitumia Callot, kwa Kifaransa huitwa échoppe, ni sindano nene iliyokatwa kimshazari hadi ncha yake ikawa uso wa umbo la yai. Abraham Bosse, mchoraji wa echingi Mfaransa, alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1645. Chukua shazia ya milimita 2 hadi 3, isugue kwenye jiwe la kunolea kwa pembe ya nyuzi 45 hadi upate uso huo, na uifunge kwenye mpini wa mti. Ukichora kwa ncha yake mstari ni mwembamba. Ukiivingirisha kidogo vidoleni wakati wa kuvuta, mstari unanenepa katikati na kukonda mwishoni, kama mkunjo wa joho. Fanya mazoezi kwenye kipande cha majaribio kabla ya kugusa bamba. Mkono huchukua muda kuzoea.

Callot pia aliacha vanishi laini ya nta na kutumia vanishi ngumu ya mafundi wa ala za muziki za nyuzi, kwa sababu nta humomonyoka chombo kinapovingirishwa. Ukiona kingo za mistari yako zinachanika, tatizo ni hilo: acha vanishi ikauke zaidi, au punguza nta.

Hatua ya 7: Hamisha mchoro na uchore

Laza karatasi ya kuonyesha, penseli ikitazama vanishi, ibandike kingo, ipitishe kwenye mashine kwa shinikizo dogo. Alama za penseli zitabaki zinang'aa juu ya weusi.

Chora mbali kwanza, ukishuka kuja mbele, ili mkono usipite juu ya ulichokwisha kuchora. Sindano ifunue shaba tu, isiichimbe. Nafasi kati ya mistari sambamba ni jambo la kuzingatia kuliko yote:

- mbali, milimita 0.3
- kati, milimita 0.4 hadi 0.5
- mbele, milimita 0.7, maana mistari hii itapanuka

Hapa ndipo swali la mlango wa kijivu linapojibiwa. Mistari ya mbele ikisongamana, asidi inakula kuta zilizo kati yake, mifuo inaungana kuwa shimo moja pana, na wino wa shimo pana huondoka wakati wa kufuta. Ukitaka weusi wa kweli, chora mistari yenye nafasi, pitisha ya pili kwa mshazari juu yake, kisha iachie asidi muda.

Hatua ya 8: Jaribio

Changanya asidi. Yeyusha gramu 130 za asidi ya limau katika mililita 400 za maji ya moto, acha yapoe, mimina kwenye lita 2 za feri kloridi. Limau huyeyusha tope linaloganda ndani ya mifuo na kuifanya asidi ifanye kazi sawasawa.

Kwenye kipande cha majaribio chora vipande vitano vya mistari sambamba. Kiweke kwenye asidi, ukikitoa na kuziba kipande kimoja baada ya dakika 4, kingine baada ya 8, kingine 16, kingine 32, cha mwisho 64. Kichape. Hiyo ndiyo saa yako. Joto hubadilisha kila kitu: asidi ya nyuzi 30 hukimbia kuliko ya nyuzi 20, kwa hiyo jaribio la Nairobi mwezi wa Julai halimsaidii mtu wa Mombasa mwezi wa Februari. Lifanye siku ile ile.

Hatua ya 9: Milo mitatu ya asidi

Dakika zifuatazo ni za kuanzia, na zirekebishe kwa jaribio lako. Bamba liwekwe uso chini, limeinuliwa kwa vipande vya plastiki vya milimita 5 pembeni, ili tope lianguke badala ya kujaa mifuoni. Baada ya nusu dakika linyanyue, ondoa mapovu kwa unyoya, lirudishe.

Mlo wa kwanza, dakika 6. Toa, suuza, kausha bila kusugua. Ziba kwa vanishi kila kilichowekwa kijani kwenye ramani yako: minara ya mbali, watu wa milimita 3, mawingu. Acha ikauke kabisa, dakika 30 au zaidi. Ikirudishwa mbichi itavuja.

Mlo wa pili, dakika 12 zaidi. Jumla ni 18. Ziba vya buluu. Hapa tumia brashi namba 1 na uvumilivu, kwa sababu mpaka kati ya sehemu ya kati na ya mbele hupita katikati ya watu. Kofia ya mtu wa mbele ikigusa paa la kibanda cha nyuma yake, paa lizibwe, kofia ibaki wazi. Mwanga kati ya hao wawili ndio uwanja wenyewe.

Mlo wa tatu, dakika 27. Jumla 45. Ukitaka kina zaidi kwenye muuza dawa na jukwaa lake, ziba vingine vyote na uongeze dakika 20 hadi 30.

Pima kwa ncha ya sindano: iburute taratibu kukatisha mistari. Kwenye mifuo ya mbele inapaswa kukwama, kwenye ya mbali ipite ikitetemeka tu. Shaka ikikupata, toa. Kilichopungua kinaweza kuongezwa, kilichozidi kinadai kukwanguliwa.

Wafundi wa karne ya 17 hawakuwa na feri kloridi. Kwa vanishi ngumu, Bosse alieleza mchanganyiko wa siki, chumvi, nushadiri na kutu ya kijani ya shaba, unaomwagwa tena na tena juu ya bamba lililoegemezwa kimshazari. Huna sababu ya kuujaribu.

Hatua ya 10: Safisha

Suuza, tumbukiza dakika moja kwenye siki yenye chumvi, suuza tena. Ondoa vanishi kwa mafuta ya taa na selotepu kwa mkono, malizia kwa spiriti.

Hatua ya 11: Chapa

Loweka karatasi maji safi dakika 20 hadi 30, kisha ibane kati ya taulo hadi isibaki na mng'ao wa maji. Iwe na unyevu kama shuka iliyoanuliwa mapema.

Pasha bamba vuguvugu. Sukuma wino mifuoni kwa kipande cha kadi ngumu, kila upande. Futa kwa chachi iliyokunjwa kuwa pedi bapa, kwa mizunguko midogo, mkono mwepesi. Ukikandamiza, chachi inaingia mifuoni na kutoa wino. Ukibadilisha pedi ya pili safi, utaona umati ukijitokeza kutoka kwenye weusi: kwanza jukwaa, kisha farasi, mwisho minara. Malizia kwa kiganja kilichopakwa chaki kidogo, haraka haraka, ili anga liwe jeupe. Futa kingo kwa kitambaa.

Weka bamba kwenye kitanda cha mashine, karatasi juu, karatasi ya kunyonya, kisha blanketi. Zungusha bila kusimama katikati. Ukisimama, mstari wa kusimama huonekana. Inua karatasi kwa pembe mbili, ikaushe kati ya mbao siku kadhaa.

Chapa moja, itazame, kisha rudi kwenye bamba. Kuongeza mistari kunahitaji vanishi mpya na mlo mpya. Kupunguza kunahitaji kisu cha pembe tatu cha kukwangulia, halafu chuma laini cha kusugulia chenye tone la mafuta. Ukikwangua sana shimo hubaki. Geuza bamba, gonga kwa nyundo kutoka mgongoni hadi shaba isawazike.

Kikienda mrama

*Nukta nyeusi zimetapakaa angani.* Vanishi ilikuwa nyembamba, au kulikuwa na mafuta au vumbi chini yake. Chache husuguliwa. Zikiwa nyingi, anga zima likwanguliwe. Mara nyingine kabla ya mlo wa kwanza kagua bamba kwa kioo cha kukuza na uzibe kila kinachong'aa bila sababu.

*Mistari imekatika katika safu nzima.* Povu la hewa lilikaa juu yake, au sindano haikufika kwenye shaba. Ukikumbuka unyoya, la kwanza halitokei.

*Mbali na mbele vina weusi mmoja.* Tofauti ya milo ni ndogo. Dakika 6 na 10 hazitofautiani machoni. Zidisha mara mbili na nusu hadi tatu kila hatua.

*Picha nzima imepauka, ingawa mifuo ina kina.* Karatasi ni kavu, au shinikizo ni dogo. Pima kwa kidole: ukipapasa uso wa karatasi unapaswa kuhisi mistari imetuna.

*Mistari miwili miwili, kama kivuli cha picha.* Karatasi iliteleza. Ni blanketi zilizolowa au shinikizo lililozidi.

*Ukungu wa kijivu juu ya mwanga.* Ufutaji haukwisha, au wino ni laini mno kwa joto la chumba. Ongeza kabonati ya magnesi kidogo kwenye wino, ushikamane. Wino mgumu usiotoka mifuoni, kinyume chake, ongezewa tone la mafuta ya kitani.

*Wino unachukua rangi ya kijani.* Chumvi imebaki kwenye bamba. Sugua kwa chaki na sosi ya soya, suuza, kausha mara moja.

*Asidi imepunguza kasi na imegeuka kijani kibichi.* Imechoka, imejaa shaba. Usiimwage kwenye bomba, mtaro wala choo: shaba huua samaki na mimea. Nje, kwenye ndoo ya plastiki kubwa, ongeza magadi soda kijiko kimoja kimoja hadi iache kutoa povu. Acha tope litue usiku kucha, kausha tope, lifunge na ulipeleke panapopokelewa taka za kemikali.

Ukimaliza kuchapa, ondoa wino wote kwa mafuta ya kula na kisha spiriti, paka safu nyembamba ya vanishi ya kuzibia juu ya bamba lote, lifunge kwa karatasi isiyo na asidi na uandike nje dakika za kila mlo. Mifuo ya mbali, iliyoliwa dakika 6 tu, ndiyo huchakaa kwanza. Basi nakala unazotaka zionyeshe minara, zichape mapema.